Gari la Saima

Hancock, Michigan
2 Juni 1964

Irja mwanangu,

Salamu nitaziweka mwishoni, kwa sababu nikianza nazo nitapata kisingizio cha kutofika kwenye habari yenyewe. Nakuandikia karakanani, juu ya mbao za kabati la mke wa mchungaji. Ukijibu, tuma hapahapa karakanani. Usitume nyumbani, na usipige simu. Unajua laini yetu tunavyoigawana na majirani, ukikohoa Tyyne wa ng'ambo ya barabara anakuambia pole.

Daktari alinitoa nje kwenye korido akafunga mlango. Mama yako alikuwa ndani anavaa viatu. Ni saratani, Irja, na imeshafika kwenye ini. Anasema huenda mama yako akayaona majani yakianza kuanguka mwezi wa kumi, huenda asiyaone. Mama yako ameambiwa ana vidonda vya tumbo, na hivyo ndivyo tutakavyoendelea kumwambia. Daktari anasema mgonjwa akijua hukata tamaa, ndiyo maana huambiwa mume. Kwa hiyo na wewe huna habari. Ukimwandikia, muulize vidonda vinaendeleaje.

Nisingekuambia ukiwa na mimba kubwa na umeamriwa usitoke kitandani, lakini nimejaribu kulibeba peke yangu siku tatu, nimeshindwa. Nisamehe.

Sasa sikiliza nilichoamua. Mama yako hana neno jingine mdomoni ila mtoto wako. Kuja huwezi. Treni ya usiku inatikisa mno, na basi hawezi kulikalia. Lori langu ndiyo kabisa, tulipokwenda hospitali kila shimo alikuwa anashika mlango na kuuma midomo. Kutoka hapa mpaka Milwaukee ni mchana mzima. Kwa hiyo naagiza gari jipya, lenye springi laini na kiti kimoja kirefu mbele, ajilaze na kichwa chake pajani pangu. Reino Lahti wa duka la magari atapeleka oda kiwandani Detroit. Anasema ni wiki nane mpaka kumi. Mtoto akishazaliwa, tunakuja.

Salamu sasa. Sisi hatujambo. Hiyo ndiyo itakuwa habari yetu kuanzia leo.

Baba yako,
Waino Kettunen

*

Milwaukee
6 Juni 1964

Baba,

Mkweo Glenn aliporudi kutoka kazini alinikuta nimeishika barua yako, akadhani ni mtoto ametoka. Nililia mpaka akamwita jirani. Usiniombe msamaha kwa kuniambia. Ningekuchukia kama usingeniambia.

Lakini Baba, wiki kumi? Una akili kweli? Daktari anakupa muda wa majani kuanguka, wewe unampa Reino nusu yake akae anasubiri kiwanda! Yadi yake naikumbuka, kila kiangazi imejaa magari mpaka mengine anayaegesha kwenye nyasi. Hakuna hata moja lenye springi? Mama hahitaji gari lenye jina lake. Anahitaji kitu chenye magurudumu manne kisichomtikisa. Nunua lililopo. Hata liwe la rangi ya matope.

Daktari wangu anasema mtoto atazaliwa Agosti. Nikijifungua tu, mje wiki hiyohiyo. Nakuomba.

Binti yako,
Irja

*

Hancock
11 Juni 1964

Irja,

Lipo moja. Ni la kahawia, milango minne, kiti kirefu na laini. Reino alinipa funguo kabla sijauliza. "Mzee Waino, hili unaondoka nalo kahawa yako haijapoa." Nilikaa ndani. Sina la kulisema vibaya.

Lakini unanijua mimi ni nani, na mama yako ananijua zaidi. Tangu nimuoe, lini umeniona nikileta nyumbani kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu yeyote? Wiki tuliyohamia nilimsimamisha jikoni, nikampaka unga kwenye kiwiko, nikamwambia aguse ukuta. Pale unga ulipobaki ndipo nilipoikata meza ya kupikia. Wenzangu wamenicheka kwa hilo mpaka leo. Kitanda chetu, benchi la kuogea kwenye sauna, hata ngazi ya kushukia kwenye pishi, vyote nimevikata kwa kimo chake. Sasa mimi huyuhuyu nije leo na gari la kahawia nililoliokota yadini, ghafla, bila kupima wala kubishana? Atanitazama mara moja tu, na atajua anakufa.

Mtu anayekufa haagiziwi gari la wiki kumi. Ndiyo sababu nimeagiza. Kila siku ambayo gari halijafika ni siku ambayo mama yako anaamini atakuwepo kulipokea. Sina dawa nyingine ya kumpa.

Usinibishie tena. Na kile kitanda cha mtoto nilichokuahidi sijaanza. Kitanda hakikatwi kabla ya kumwona mwenyewe.

Baba

*

Hancock
12 Juni 1964

Irja wangu,

Barua hii imetoka nyumbani ndani ya kapu la mayai la Tyyne, na jibu lako litarudi kwa njia hiyohiyo. Baba yako asiione.

Tumbo linaendeleaje? Nauliza lako, langu nalijua.

Najua ameshakuandikia, na najua amekuambia unifiche. Usijisumbue. Nilimuuguza mama yangu kwa ugonjwa huuhuu, kwenye chumba hikihiki cha juu, ningeutambua hata gizani. Na kama ningekuwa mjinga nisijue, ningejua siku ile. Mwanamume anatoka kwenye korido na daktari, uso umempauka, ananiambia, "Mama Irja, unaonaje tukiagiza gari jipya?" Huyu ni mtu aliyeendesha lori mpaka sakafu ikatoboka, ukikaa unaiona barabara ikipita chini ya viatu vyako! Nikamuuliza, "La rangi gani?" Ningesema nini, mwanangu?

Sasa ngoja nikuambie raha. Reino amempa kijitabu chenye picha na vipande vya rangi, na kila jioni, nikishamenya viazi, tunakaa mezani tunalitengeneza. Nimechagua kijani, kile cha majani machanga ya mwezi wa tano. Tumegombana kuhusu redio siku mbili. Mimi nasema iwepo, yeye anasema ataimba mwenyewe, nikamwambia ndiyo maana iwepo. Gari la yadini lingekuja na kwisha siku ileile. Hili tunalipanda kila jioni. Jana tulifika Green Bay, akaniambia nisisinzie, nimsomee ramani.

Anapiga mluzi, Irja. Akitoka karakanani anapiga mluzi tangu getini, kwa sababu anadhani amenidanganya vizuri. Akigundua kwamba najua, atakaa kwenye kiti ananitazama mpaka siku ya mwisho, na mimi sitaki kutazamwa. Kwa hiyo hutamwambia. Niapie, uandike kwa mkono wako.

Kula ini, hata kama hulipendi.

Mama yako,
Saima

*

Milwaukee
17 Juni 1964

Mama,

Naapa. Nimeandika. Umefurahi?

Mimi sikufurahi. Nimelala chali kama mdudu aliyepinduliwa, na watu wawili ninaowapenda kuliko wote wamenifunga mdomo, mmoja kila upande. Najua kila kitu na siruhusiwi kusema chochote. Mnachezeana mchezo gani ninyi? Mama, mwambie wewe mwenyewe. Mwambie "Waino, najua, nenda kalete lile la yadini," basi, maneno hayo tu. Mtalia jioni moja, kesho yake mtakuwa na gari.

Sitaki gari la kijani. Nataka umshike mtoto wangu. Nataka umwone, uniseme jinsi ninavyomfunga nepi vibaya. Ukija na mkokoteni nitakupokea na mkokoteni.

Ini nakula. Ni baya kama zamani.

Irja

*

Hancock
4 Julai 1964

Irja wangu,

Wenzetu wamekwenda kuangalia maandamano ya sikukuu ya uhuru, mimi nasikia ngoma dirishani. Mwandiko unisamehe, nimeegemea mto.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na sijakukasirikia. Una haki. Lakini hukai naye wewe. Kila asubuhi ananihesabia wiki zilizobaki za gari, na kila mara macho yake yanakuwa ya yule kijana aliyenipaka unga kwenye kiwiko. Siwezi kumnyang'anya.

Na nikuambie ukweli ambao yeye simwambii. Milwaukee nimeshaiacha. Juzi nilijaribu kukaa wima kwenye kiti cha jikoni kwa muda wa kunywa kahawa tu, nikashindwa kumaliza kikombe. Hata gari lije kesho, la kijani au la kahawia, safari ya mchana mzima sitaiweza. Nililia siku nilipolijua hilo. Nilikuwa nimeshamfumia soksi, na nilitaka kumvalisha mwenyewe. Tyyne atazituma.

Kitu kingine. Umewahi kumtazama baba yako akirudisha lori uani? Mimi sasa nina nafasi ya kutazama. Kila akikanyaga klachi anafumba jicho moja. Ni lile goti la mwaka alioanguka kwenye paa la kanisa, akaniambia ni mchubuko. Ananificha na goti pia! Na mikono yake siku hizi, kukata kona anauzungusha usukani na kiwiko. Watu wanasema yeye ndiye fundi wa kupima. Mbona yeye hakuna aliyempima?

Nimepiga simu mahali. Usiulize.

Ukijifungua, niandikie kila kitu. Nywele, kucha, harufu. Usiruke.

Mama

*

Milwaukee
27 Julai 1964

Baba na Mama,

Glenn amekwisha kuwapigia simu, kwa hiyo barabara yenu yote inajua ni msichana. Haya ni yale ambayo hayasemwi kwenye simu. Mama, hii ni yako, Baba akusomee polepole.

Walinipasua, ndiyo maana bado niko kitandani, na wanasema nisisafiri mpaka mwezi wa tisa. Alikuja mapema na ni mdogo. Nywele anazo nyingi, nyeusi, na upande mmoja zimesimama kama za Baba akitoka sauna. Kucha ni ndefu, alizaliwa amejikwaruza shavu. Harufu yake sijui niielezeje. Mama, ukikata mkate wako wa iliki ukiwa bado wa moto, ukainamisha uso, ile ya kwanza kabisa. Hiyo.

Akilia anaanza na kidevu. Ana hasira yako.

Soksi zimefika. Ni kubwa, zinamfika magotini, amelala nazo sasa hivi. Anaitwa Aune Saima. Analala kwenye droo ya kabati, kwa sababu babu yake alisema kitanda hakikatwi kabla ya kumwona. Basi babu aje amwone.

Nawabusu nyote wawili,
Irja

*

Hancock
1 Agosti 1964

Irja,

Nilimsomea. Nilipofika kwenye mkate akaniambia nirudie, nikarudia mpaka nikaijua bila kutazama. Kisha akasema, "Waino, na droo hiyo iwekwe mbali na dirisha." Usipuuze.

Hali yake si nzuri. Jumamosi iliyopita nilimbeba mpaka sauna, kwa sababu alitaka. Alikuwa mwepesi kama anavyokuwa mtoto aliyelala. Nilimkalisha benchi la chini, joto kidogo tu, nikamwosha nywele. Bado nampa habari za vidonda. Ananiambia leo vina nafuu.

Sasa gari. Juzi nilikwenda kwa Reino kuuliza, maana wiki nane zimekwisha. Ananiambia limerudi nyuma kwenye foleni ya kiwanda, mpaka mwezi ujao. "Limerudije nyuma?" namuuliza. "Mzee, ndivyo wanavyosema." Hakunitazama usoni, alikuwa anapangapanga kalamu. Nilimgombeza mbele ya wateja, nikamwita jina ambalo sijamwita mtu tangu nilipokuwa mgodini. Hakunijibu. Reino, ambaye huwa hanyamazi hata kanisani!

Wakati wa kutoka nilisimama mbele ya lile la kahawia. Bado lipo. Nilishika mpini wa mlango. Kisha nikawaza nitakavyoingia nalo uani, na yeye yuko dirishani. Nikaenda nyumbani na lori.

Nimefanya sawa? Wewe umesoma kunizidi. Niambie.

Baba

*

Milwaukee
6 Agosti 1964

Baba,

Umeniuliza, nakujibu, na Mungu anisamehe kwa kiapo nilichokula.

Mama anajua. Amejua tangu siku ya korido. Alimuuguza bibi kwa ugonjwa huohuo, ulidhani hatautambua? Anakaa na wewe mezani kila jioni akichagua redio huku anajua. Hakukuambia kwa sababu unapiga mluzi, na anaupenda mluzi wako kuliko gari. Aliniapisha. Na wewe ulinikataza. Nimewabeba nyote wawili wiki nane na sasa nawatua.

Hakuna wa kumficha tena, Baba. Mwenyewe anasema safari haiwezi. Hata hivyo nenda kachukue lile la kahawia leo, si kesho, mlaze kiti cha nyuma mwende mwendo wa kuku, mlale njiani mara mbili kama ni lazima. Ikishindikana kabisa, ingia chumbani umshike mkono umwambie unajua kwamba anajua. Angalau hilo. Msiachane mkiwa mnadanganyana.

Ningepiga simu, lakini simu yenu iko karibu na kichwa chake na masikio ya barabara nzima yamo ndani. Naituma kwa haraka.

Irja

*

Hancock
13 Agosti 1964

Mwanangu,

Glenn atakuwa ameshakufikia na amekusimulia mazishi. Amekuwa mtu mwema hapa, alibeba upande wa mbele. Mimi nakuandikia lile ambalo yeye hakuliona.

Barua yako niliikuta karakanani jana, tuliporudi makaburini. Ilikuwa imelala siku kadhaa chini ya mlango. Nilikuwa sijafungua karakana tangu Alhamisi. Niliisoma nimesimama, na koti jeusi bado mwilini.

Ningejua, Irja. Ningejua hata siku moja mapema. Nimekaa kwenye kile kitanda wiki kumi, namwambia mke wangu vidonda vina nafuu, na yeye ananiambia kweli vina nafuu. Ningekwenda kwa Reino kwa miguu. Ningelichukua lile gari mwezi wa sita, mchana kweupe, angeuona ujauzito wako, angekushika tumbo. Nilikaa nikichagua kitambaa cha viti! Nimekuwa fundi maisha yangu yote, na siku moja niliyotakiwa kuchukua kilichopo, nilisimama nikapima.

Ijumaa jioni aliniomba twende, kama zile jioni zetu za mezani. Hakuwa na nguvu za kushika ramani, nikaenda peke yangu. Nilimwambia sasa tunapita L'Anse, sasa tumeingia Wisconsin, angalia mahindi yalivyo mazuri. Green Bay tulisimama nikamnunulia aiskrimu. Alikuwa amefumba macho lakini alikuwa ananisikiliza, kidole chake kilikuwa kinagusa mkono wangu. Nikaingia Milwaukee, nikakata kushoto kwenye mtaa wenu. Akauliza, "Tumefika?" Nikasema tumefika. Akasema, "Basi zima injini, utamwamsha mtoto."

Hakusema tena. Alifariki alfajiri.

Meza ya jikoni ni fupi, Irja. Naosha kikombe changu nimeinama.

Baba

*

Milwaukee
19 Agosti 1964

Baba,

Sikuwa hapo, na sitajisamehe, kwa hiyo usijilaumu peke yako, tugawane. Barua ile ningeweza kuiandika mwezi wa sita. Niliogopa kiapo.

Lakini nimezitoa barua zake zote, na kuna maneno ni yako. Nayanakili hapa kama alivyoyaandika, kuhusu zile jioni zenu: "Gari la yadini lingekuja na kwisha siku ileile. Hili tunalipanda kila jioni." Yasome tena nikiwa sipo kukubishia.

Aune ameongezeka. Droo inamkaba. Njoo gari likifika. Usipokuja nitakuja mimi na mshono wangu.

Irja

*

Hancock
23 Septemba 1964

Irja mwanangu,

Gari limefika. Nilitaka kulikataa.

Reino alinipigia nikaenda, liko mbele ya duka limeoshwa. Rangi ni yenyewe, ya majani machanga. Nikafungua mlango, na kila kitu kimekosewa. Nimeagiza kiti kirefu, wameweka viti viwili vilivyoachana. Nimeagiza gia za mkono kama nilivyozoea, wameweka otomatiki, klachi hakuna. Usukani unauzungusha na kidole kimoja. Na nyuma kuna mikanda ya kufunga abiria, ambayo mimi sikuiomba wala sikujua inauzwa. Nikamwambia Reino, "Hili si gari langu. Hili wamemtengenezea mtu mwingine. Lirudishe Detroit."

Reino akavua kofia. "Mzee Waino, kaa." Nikakataa kukaa. Akasema, "Mama Irja alinipigia simu, kabla ya sikukuu ya Julai. Akaanza, goti la mume wangu ni bovu, mikono pia, andika. Nikaandika. Akasema ule mkanda wa nyuma ni wa mjukuu. Nikamwambia, mama, tukigusa oda sasa inarudi nyuma ya foleni, litachelewa sana. Akaniambia, 'Hakuna neno, Reino. Atakayeliendesha hatakuwa na haraka.'"

Nikamuuliza, na kiti kirefu? Akawa hataki kusema. Nikamshika koti. Akasema, "Alisema kiti kirefu kikiwa kitupu kitakumaliza."

Nilikaa basi.

Nilimkasirikia mtu bure karibu miezi miwili, na yeye alinyamaza. Nimemwomba radhi. Halafu nikaenda kwa Tyyne kumwambia, nikamkuta anajua! Alikuwa kwenye laini siku ile, na mwenye duka la mkate alikuwa kwenye laini, na mke wa mchungaji. Barabara nzima ilijua gari langu lina gia gani isipokuwa mimi, na hakuna aliyefungua mdomo. Hawa watu ambao hawawezi kunyamazia bei ya siagi.

Nimeliendesha mpaka ziwani na kurudi. Goti haliumi. Nimewapima watu maisha yangu yote, na sikuhisi nilipokuwa napimwa, kutoka dirishani, na mtu ambaye hakuwa na nguvu za kumaliza kikombe cha kahawa. Rangi ndiyo pekee hakuibadilisha. Rangi aliiacha yake. Nimelia barabarani, nikasimama pembeni, nikaendelea.

Nakuja Jumamosi. Usinipikie.

Jambo la mwisho, na usinicheke. Nilikuwa nimeshachagua mbao za kitanda cha Aune, mbao nzuri, nilizihifadhi miaka. Nikaziangalia jana. Nikihesabu kukata, kupiga randa, kungojea rangi ikauke, ni wiki tatu, na wewe unasema droo inamkaba. Nikaenda mjini nikaingia dukani, nikanunua kitanda kilichokuwa dirishani. Mwenye duka alidhani namtania. Ni kitu kibaya, Irja. Kona hazikutani, na mguu mmoja ni mfupi, kinacheza ukikigusa. Mikono iliniwasha usiku kucha kutaka kukirekebisha. Sijakigusa. Tutaweka karatasi chini ya mguu, atalala humo Jumamosi hiyohiyo.

Nimekipakia kiti cha nyuma, nimekifunga mkanda.

Nikikata kona ya mtaa wenu nitazima injini, gari lijiendee lenyewe mpaka mlangoni. Nisije nikamwamsha mtoto.

Baba yako,
Waino